Sahani ya Pauni 20

Ijumaa jioni katikati ya London, hasa mitaa ya Farringdon na ile iliyo jirani na mabenki makubwa, baa hujaa mpaka watu wakasimama barabarani na bilauri zao mkononi. Waliobahatika kupata meza ndani huenda wenyewe kaunta, huagiza, hulipa kabla ya kula, hupewa namba ya meza na kurudi kusubiri. Kinachowafikia wengi wao ni mnofu mrefu wa samaki uliochovywa katika unga uliokorogwa kwa bia, ukakaangwa ndani ya mafuta mengi na kulazwa juu ya chipsi nene, pembeni njegere zilizopondwa na kipande cha limau, na chupa ya siki iko mezani. Bei yake siku hizi, katika baa nyingi za katikati ya jiji, ni pauni 18, pauni 20, na mahali pengine zaidi. Hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Hiki, wanasema, kilikuwa chakula cha mfanyakazi wa kiwandani na watoto wake, kikauzwa kwa senti chache, na sasa wenye nacho wamekinyakua.

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu malalamiko hayo, na nia yangu ni kuyapinga. Sisemi kwamba pauni 20 ni pesa kidogo. Si kidogo hata kwa Mwingereza mwenye kazi ya kudumu. Ninayapinga kwa sababu yamejengwa juu ya imani kwamba chakula hiki kilikuwa rahisi kwa asili yake, kisha uroho wa zama hizi ukakipandisha bei. Ushahidi tulionao unaonyesha jambo jingine. Mlaji alilipa kidogo kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na watu wengine, mahali pengine, na sehemu nyingine haikulipwa kabisa. Iliachwa baharini kama deni. Deni hilo sasa limefika mezani.

Nianze na baa yenyewe, maana wapo wanaodai kwamba imejitwalia chakula kisicho chake. Wanatukumbusha kuwa makao ya samaki na chipsi ni duka dogo la mtaani, ambako mtu hupanga foleni na kuondoka na kifurushi cha karatasi kinachofuka mvuke, na kwamba baa zilianza kuheshimu jiko juzi tu, tangu The Eagle ya Farringdon Road ilipoanza mwaka 1991 kuuza chakula kizuri bila kuacha kuwa baa. Kuhusu The Eagle wanasema kweli. Kuhusu samaki hawasemi kweli. Henry Mayhew, mwandishi wa habari aliyechunguza maisha ya maskini wa London na kuchapisha kazi yake mwaka 1851, aliwakuta jijini wachuuzi wa samaki wa kukaanga wapatao 300, na baa zilikuwa miongoni mwa masoko yao makuu. Walipita baa hadi baa na masinia, wakiuza kipande cha samaki pamoja na kipande cha mkate kwa peni moja. Chipsi hazikuwepo bado. Samaki wa kukaanga aliingia baa kabla hajakutana na kiazi, na kabla duka la samaki na chipsi halijazaliwa. Mayhew alieleza pia samaki hao walitoka wapi. Wengi walikuwa masalia ya wauza samaki, mali ya jana ambayo mwenye meza hakutaka kuipanga tena asubuhi. Peni moja iliwezekana kwa sababu hiyo. Unafuu wa bei, basi, ulikuwa na sababu yake tangu mwanzo, na sababu hiyo haikuwa nzuri.

Ufundi wa kukaanga ulitoka mbali. Wanahistoria wanauhusisha na Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, wakasakamwa Ureno miaka michache baadaye, na ambao wazao wao waliruhusiwa kuishi tena Uingereza kuanzia mwaka 1656. Walikaanga samaki Ijumaa ili waliwe baridi siku ya Sabato, ambapo moto hauwashwi. Kuhusu nani wa kwanza kumweka samaki huyo pamoja na chipsi, London humtaja Joseph Malin, mhamiaji Myahudi wa mashariki ya jiji, miaka ya 1860. Watu wa kaskazini humtaja John Lees wa Mossley, karibu na Manchester, mwaka 1863. Ubishi huo haujaisha, na sioni faida kubwa ya kuumaliza. Lenye uzito zaidi ni kwamba kizazi baada ya kizazi makarai yalishikwa na wahamiaji: Waitalia huko Scotland, kisha Wakipro na Wachina katika miji mingi. Mwanahistoria Panikos Panayi ameandika kitabu kizima juu ya safari hiyo ya chakula. Na mwenzake John Walton, aliyechunguza biashara hii tangu mwaka 1870 hadi 1940, ameonyesha jinsi maduka mengi yalivyosimama kwa nguvu ya familia: mume, mke na watoto wakimenya viazi alfajiri na kukaanga hadi usiku wa manane, bila mshahara wa kuandikwa popote. Serikali za mitaa ziliihesabu kazi yenyewe kuwa miongoni mwa kazi za kero, kwa sababu ya harufu, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1940. Mlaji alipofurahia bei, alikuwa anafurahia saa za kazi ambazo hakuna aliyezihesabu.

Sitaki, hata hivyo, kudharau alichokipata mlaji huyo. Katika miji ya pamba ya Lancashire wanawake walitoka kiwandani jioni pamoja na waume zao, hawana muda wala nguvu za kupika, na duka la kona liliwapa chakula cha moto chenye shibe na protini kwa bei waliyoimudu. Kufikia mwaka 1910 maduka hayo yalikuwa zaidi ya 25,000 Uingereza nzima, na kati ya vita kuu mbili yalifika kama 35,000. Katika Vita Kuu ya Pili, nyama, siagi, sukari na chai vilipogawiwa kwa kadi, samaki na chipsi viliachwa huru, kwa kuwa serikali ilitambua kwamba kukiwekea mgao chakula hiki ni kuvunja moyo wa watu wake. George Orwell, aliyewaona wasio na kazi wa kaskazini katika miaka ya 1930, alikitaja miongoni mwa starehe ndogo za bei nafuu ambazo huenda ziliiepusha nchi na mapinduzi. Chakula kinachotajwa hivyo si kitu cha kubezwa. Lakini tukubali tu kwamba kilishusha presha ya nchi kwa gharama ya mtu fulani, kisha tumtafute mtu huyo.

Mtu huyo alikuwa katika bandari za uvuvi za Hull na Grimsby. Reli ilikuwa imeziunganisha bandari hizo na miji ya ndani, barafu ikahifadhi samaki njiani, na kuanzia miaka ya 1880 meli za mvuke za kukokota nyavu zikaweza kwenda mbali ambako mashua za tanga zilisitasita: Iceland, kisha Bahari ya Barents. Huko ndiko alikojaa cod, samaki mweupe wa maji baridi mwenye mnofu mnene usio na mafuta, ambaye sahani ya Kiingereza imemzoea kuliko wote. Na huko ndiko walikofia wanaume. Mwanzoni mwa mwaka 1968 meli tatu za Hull, St Romanus, Kingston Peridot na Ross Cleveland, zilipotea katika muda wa wiki chache, wakafa watu 58. Ross Cleveland ilipinduka kwenye ghuba ya Iceland baada ya barafu kuganda juu yake hadi ikaizidi uzito. St Romanus iliondoka bandarini bila mtaalamu wa redio, na siku nyingi zikapita kabla ya mtu nchi kavu kutambua kwamba imenyamaza. Wake na mama wa wavuvi wakiongozwa na Lillian Bilocca, mama aliyefanya kazi katika kiwanda cha samaki, walikusanya saini, wakajaribu kuzuia meli bandarini, wakaenda London kuonana na mawaziri kudai kila meli iwe na mtu wa redio. Walishinda. Lakini fikiria, msikilizaji: mpaka mwaka 1968, mwenye meli aliruhusiwa kuokoa mshahara wa mtu mmoja kwa kuhatarisha roho za ishirini. Akiba ya namna hiyo nayo ilikuwa ndani ya bei ya duka la kona.

Bahari nayo ilitoa kuliko uwezo wake. Iceland, nchi ndogo isiyo na mali nyingine ya kuuza nje iliyolingana na samaki wake, iliona akiba inapungua ikasogeza mpaka wake wa uvuvi hatua kwa hatua: maili 12 mwaka 1958, maili 50 mwaka 1972, maili 200 mwaka 1975. Uingereza ilituma manowari kulinda meli zake. Boti za doria za Iceland zikakata nyaya za nyavu za Waingereza, vyombo vikagongana, na mwaka 1976 Uingereza ikasalimu amri. Magazeti ya London yalililia fahari ya taifa. Mimi namwona zaidi mvuvi wa Hull aliyerudi nyumbani bila kazi. Kwa kuwa aliajiriwa safari kwa safari, alihesabiwa kibarua, hata kama alikuwa amefanya kazi hiyo miaka thelathini, na akanyimwa malipo ya kupunguzwa kazini. Fidia ya wavuvi hao ilikubaliwa mwaka 2000, na kufikia hapo wengi walikuwa wameshazikwa.

Ambako hapakuwa na wa kusogeza mpaka mapema, mambo yaliishia pabaya zaidi. Mwaka 1992 Kanada ilifunga uvuvi wa cod pwani ya Newfoundland, eneo lililovuliwa kwa karne tano, kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha, na makumi ya maelfu ya watu wakapoteza riziki katika siku moja. Katika Bahari ya Kaskazini, iliyo mlangoni mwa Uingereza, cod alipewa cheti cha uvuvi endelevu mwaka 2017, watu wakashangilia. Mwaka 2019 cheti kikasimamishwa. Kwenye Bahari ya Barents, ambayo ndiyo tegemeo kubwa la leo, kiwango cha pamoja kinachoruhusiwa na Norway na Urusi kilikuwa zaidi ya tani 885,000 mwaka 2021. Kwa mwaka 2025 kilishushwa hadi tani 340,000. Ukisikia kwamba mnofu umepanda bei, hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na hakuna mwenye baa aliyeibuni.

Sababu ya pili ni vita. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, mafuta ya alizeti yaliadimika, kwa kuwa Ukraine ndiyo iliyoongoza duniani kuyauza nje. Gesi na umeme vikapanda. Na Uingereza ikaweka ushuru wa ziada wa asilimia 35 kwa samaki weupe wa Urusi. Hata dukani, ambako hakuna mhudumu wala kiti, wastani wa bei ya samaki na chipsi ulipanda kwa zaidi ya nusu kati ya mwaka 2019 na 2024, ukakaribia pauni 10. Baa ya jijini inaongeza juu yake kodi ya pango, wahudumu, joto la ukumbi na vyoo. Idadi ya baa imeshuka kutoka zaidi ya 60,000 mwaka 2000 hadi takriban 45,000. Anayedhani kwamba hii ni biashara ya kujichotea fedha aeleze kwanza kwa nini nyingi zinafunga milango.

Sasa nisikilize upande wa pili, kwa sababu una hoja mbili nzito. Ya kwanza inauliza: pauni 20 hizo zinamfikia nani? Ikiwa samaki na mvuvi ndio waliodhulumiwa, kuna haki gani pesa inapoishia kwa mwenye jengo? Hoja hii ni ya kweli kwa kiasi kikubwa, na anayetetea bei hawezi kuikwepa. Katika sahani ya pauni 20, kodi ya ongezeko la thamani peke yake ni pauni 3 na senti 33. Mwenye jengo anachukua chake, kampuni ya umeme chake. Bei kubwa haithibitishi haki, na sikusema kwamba inathibitisha. Ninachosema ni kwamba baadhi ya malipo ambayo zamani hayakuwepo sasa yapo na yanaonekana. Mpishi anayesimama mbele ya mafuta ya nyuzi joto 180 ana kima cha chini cha mshahara kisheria, ambacho Aprili 2025 kiliwekwa kuwa pauni 12 na senti 21 kwa saa kwa mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Meli haiondoki tena bila mawasiliano. Norway na Iceland zinauza samaki wao kwa bei ya mwenye mali, hazipokonywi mlangoni. Gharama hizi ni halali. Mlalamikaji akizichanganya pamoja na pango la mwenye jengo na kuziita zote uroho, anampiga mwenye haki pamoja na asiye na haki. Ni vyema azitenganishe, aipiganie ile anayoona ni dhuluma, na zile nyingine azilipe.

Hoja ya pili inaniuma zaidi. Inasema: hayo yote ni sawa, lakini maskini amepoteza chakula chake. Mama mwenye watoto watatu huko Hull leo hawezi kuwapeleka kula samaki baa, na dukani anapiga hesabu mara mbili. Ni kweli, na ni aibu kwa nchi tajiri kama ile. Lakini tuangalie dawa inayopendekezwa. Kumrudishia cod wa senti chache ni kumwambia mvuvi arudi kwenye barafu bila redio na bahari ikubali kukombwa hadi mwisho, na baada ya miaka kumi mama yule yule atakosa hata huyo wa bei kubwa. Umaskini wa mama huyo unatibiwa kwenye mshahara wake, pango lake na shule ya wanawe. Haki yake ni kipato kinachotosha kununua chakula kwa thamani yake. Huku kwetu somo hili lina wenyewe. Watu wa Mwanza, Musoma na Kisumu wameona minofu ya sangara ikipakiwa kwenda Ulaya, na wakaazi wakabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa, wakiyakaanga na kuyauza kwa anayeweza. Sahani ya baa ya London kwa kawaida haina sangara ndani yake. Lakini kanuni iliyompa Mwingereza samaki wa bei ya kutupa ndiyo iliyompa Mzungu wa bara minofu ya ziwa letu: mlaji yuko mbali, mvuvi haonekani, na bei haisemi lolote juu ya kilichobaki nyuma.

Na upo upande ambao hata wenye baa wanastahili kulaumiwa. Waingereza wamezungukwa na bahari yenye samaki wa kila namna, lakini wao hula hasa aina tano tu: cod, haddock, samoni, jodari na kamba. Makrili, heringi, kaa na kamba wa mawe wanaovuliwa na meli zao huuzwa kwa wingi ng'ambo, kisha nchi inaagiza cod kutoka nje. Ndani ya unga uliokaangwa vizuri, hake wa Cornwall, ambaye uvuvi wake ulipata cheti mwaka 2015 baada ya akiba kurudi, humridhisha mlaji vizuri kabisa. Coley, ndugu wa cod mwenye mnofu wa kijivu kidogo, huwa wa bei ya chini na hugeuka mweupe akiiva. Mapishi yanaruhusu hayo yote. Wachuuzi wa Mayhew waliuza hasa samaki bapa, wala hakuna aliyelalamika kwamba si cod. Mazoea ndiyo yamefunga orodha ya vyakula, na mwenye baa anayeogopa kuyagusa anamlipisha mteja wake zaidi na kuielemea bahari ile ile iliyochoka.

Ningependa kuona jambo moja dogo likitendeka, nalo liko ndani ya uwezo wa kila baa bila kusubiri bunge. Simama kwenye kaunta ya baa ya kawaida London usome ubao wa bia. Utaona jina la kila bia, kiwanda kilichoitengeneza, kiasi cha kilevi kilichomo na mara nyingi mji ilikotoka. Wateja wanayajua hayo, wanayabishania, na wako tayari kuongeza pauni moja kwa bia ya kiwanda wanachokiamini. Chini yake, kwenye orodha ya chakula, pameandikwa cod na chipsi, pauni 20, basi. Muuza samaki wa sokoni hulazimika kisheria kutaja aina na eneo alikovuliwa. Mwenye mgahawa halazimiki kutaja eneo hilo. Iandikwe pia bahari, iandikwe namna ya uvuvi, na ibadilishwe samaki anapobadilika. Jiko litakuwa huru kupika coley wiki ambayo cod ni ghali, na sahani itashuka bei bila mtu yeyote kudhulumiwa. Na mteja anayenung'unika kaunta atakuwa na jambo mahususi la kumuuliza mhudumu: huyu ametoka wapi, na kwa nini wiki hii ni yeye?